Kunoa uandishi kwa majukwaa ya mtandaoni: chagua kwa upungufu wako, kisha andika upya

Mtu anaweza kuchapisha mtandaoni kila wiki kwa miaka mitatu na bado akaandika vilevile alivyoanza. Huandika, huchapisha, huhesabu waliobonyeza kupenda, kisha huanza kitu kingine. Maandishi yaleyale hayarudi mezani hata mara moja, ilhali ujuzi wenyewe uko hapo: kwenye kuandika upya ulichokwisha kukiandika, baada ya mtu mwingine kukwama ndani yake.

Jukwaa halifundishi kuandika. Linaweza kukupa tarehe inayokubana, msomaji asiyekujua, au mkono wa pili unaosahihisha, na ni nadra jukwaa moja kukupa vyote vitatu. Ukijua unakosa kipi, uchaguzi ni mwepesi. Usipojua, utafungua akaunti sita na kuzitelekeza tano.

Kipi unakosa?

Wengine hawaanzi. Wana mawazo, wana muda, lakini ukurasa mtupu unawatisha. Hawa wanahitaji mahali pa faragha penye hesabu ya maneno na mfululizo wa siku. Tovuti ya 750 Words imejengwa kwa ajili hiyo: unapewa ukurasa mweupe, unaandika maneno 750 kwa siku, sawa na kurasa tatu hivi, na hakuna anayesoma. Ukitaka kufanya hivyo bila kulipia chochote, hati moja ya Google Docs inatosha, na Ctrl+Shift+C itakuonyesha idadi ya maneno. Ila mazoezi ya faragha yana ukomo. Yanazoeza mkono, hayakuzoezi kueleweka. Baada ya mwezi mmoja au miwili, toka hapo.

Wengine huandika vizuri tu lakini hawajui msomaji anawaacha wapi. Kwao wanafaa wasomaji wageni, na takwimu zinazoonyesha mwenendo wao. Wattpad, iliyoanza mwaka 2006, inafaa hadithi zinazotoka sehemu kwa sehemu, kwa sababu msomaji anaweza kuacha maoni pembeni ya aya ileile iliyomgusa, na mwandishi huona idadi ya wasomaji wa kila sehemu. Medium (2012) inafaa makala na insha. Hutenganisha waliofungua na waliosoma, na wasomaji huweza kupigia mstari sentensi waliyoipenda. Substack (2017) hupeleka makala moja kwa moja kwenye barua pepe za waliojiandikisha, jambo linalokulazimisha kuwa na siku maalumu ya kutoa. WordPress na Blogger hukupa nyumba yako mwenyewe, ila hakuna mpita njia: msomaji utamleta wewe.

Kundi la tatu linajua kwamba maandishi yao yana walakini lakini halijui walakini uko wapi. Hapa kinachohitajika ni uhakiki, na tovuti za uhakiki zina kanuni moja nzuri: huhakikiwi mpaka uhakiki. Scribophile na Critique Circle hutoa alama kwa kila kazi ya mwenzako uliyoichambua, na alama hizo ndizo unazotumia kuweka kazi yako. Tovuti hizi zinaendeshwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, tengeneza kikundi chako kwa kanuni hiyohiyo. Maelezo yake yako mbele.

Halafu wapo ambao sentensi zao ni tamu lakini ndani yake hamna kitu. Dawa yao ni Wikipedia ya Kiswahili, na kwa maoni yetu ndiyo shule iliyopuuzwa kuliko zote, kwa hiyo tutaikalia kidogo hapa chini.

Kuhusu kuchapisha kwenye kurasa za marafiki na makundi ya familia: tangaza huko kazi iliyokwisha, usiende huko kujifunza. Utapata "hongera", "kazi nzuri" na viganja vya makofi. Anayekupenda hawezi kukuambia kwamba alichoka kwenye aya ya pili.

Tengeneza kibodi kabla ya chochote

Ukiandikia simu, kirekebishaji cha maneno kilichowekwa kwa Kiingereza kitakuharibia kazi kimyakimya. "Tu" inaweza kugeuka "to", "kama" ikawa "karma", na wewe huoni kwa sababu macho yako yako kwenye sentensi inayofuata. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili kwenye orodha ya lugha (Gboard, kibodi ya Google, inacho), na kama bado kinakusumbua, zima urekebishaji wa papo kwa papo ubaki na mapendekezo ya juu ya kibodi tu.

Kwenye kompyuta, LibreOffice huja na kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na Microsoft Word pia ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake za kusahihishia. Itumie, lakini ujue mipaka yake. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vingi kiasi kwamba kirekebishaji hupigia mstari mwekundu maneno yaliyo sahihi kabisa, na hupitisha makosa yaliyo mabaya zaidi. "Vitabu yangu" hakipati mstari wowote: "vitabu" ni neno, "yangu" ni neno. Upatanisho wa ngeli hakioni. Huo utaukagua mwenyewe.

Usiandike rasimu ndani ya kisanduku cha jukwaa. Mtandao ukikatika, au ukigusa kitufe cha kurudi nyuma, kazi inaweza kupotea. Andika kwenye hati yako, kisha nakili. Unapobandika, tumia Ctrl+Shift+V badala ya Ctrl+V, ili maneno yaje bila mapambo ya hati ya zamani. Bila hivyo utakuta aya moja ina herufi kubwa kuliko nyingine na nafasi mbilimbili kati ya mistari. Baada ya kubandika, weka upya herufi za mlalo na vichwa vidogo, kwa sababu navyo vitakuwa vimepotea.

Anayeganda mbele ya kibodi ajaribu kuzungumza. Google Docs ikifunguliwa kwenye Chrome ina uchapaji kwa sauti, na Kiswahili kimo, cha Kenya na cha Tanzania. Ctrl+Shift+S huuwasha. Tarajia maandishi yasiyo na nukta wala koma, na majina ya watu yaliyokosewa. Ni udongo wa kufinyangia, si chungu.

Mzunguko wa siku 14 kwa kazi moja

Kazi moja kwa wiki mbili inaonekana polepole. Lakini kazi moja iliyoandikwa mara tatu inafundisha kuliko tatu zilizoandikwa mara moja moja. Ratiba inayofanya kazi kwa watu wengi ni hii:

1. Siku ya 1: rasimu ya maneno 400 hadi 600, kwa kikao kimoja, bila kurudi nyuma kusahihisha. Kabla ya kuanza, andika juu kabisa sentensi moja: "Msomaji akimaliza atajua kwamba..." Ukishindwa kuimalizia, bado huna mada, una eneo tu.
2. Siku ya 2 na 3: usiiguse.
3. Siku ya 4: isome kwa sauti, au iache simu ikusomee kama ina sauti ya Kiswahili. Ulimi ukijikwaa, weka alama. Usisahihishe bado, maliza kwanza.
4. Siku ya 5: sahihisha palipo na alama. Ipe rasimu hii jina kwenye historia ya matoleo ya Google Docs (Ctrl+Alt+Shift+H hufungua), mfano "Toleo la 2, kabla ya maoni".
5. Siku ya 6 hadi ya 9: ipeleke kwa wahakiki wawili au watatu, pamoja na maswali.
6. Siku ya 10: soma maoni yote. Usijibu, usibadilishe kitu.
7. Siku ya 11 hadi ya 13: andika upya. Fungua ukurasa mtupu, weka toleo la zamani pembeni, chapa kuanzia neno la kwanza.
8. Siku ya 14: chapisha hadharani.

Hatua ya saba ndiyo inayokwepwa. Kuchapa upya kuanzia mwanzo kunaonekana ni kupoteza muda wakati maandishi yapo tayari, lakini sababu yake ni ya kimwili kabisa. Ukihariri juu ya maandishi yaliyopo, sentensi dhaifu hubaki kwa sababu tu ipo. Kuifuta kunahitaji uamuzi. Ukichapa upya, kuibakiza ndiko kunakohitaji kazi, na vidole vyako havitakubali kuchapa upya sentensi ambayo haina maana. Jaribu mara moja na aya ya ufunguzi, utaona inavyofupika yenyewe.

Rasimu ikikushinda siku ya 1, usisogeze mzunguko mzima. Peleka maneno 200 uliyonayo. Wahakiki watafanya kazi na maneno 200, hawawezi kufanya kazi na ahadi.

Kutafuta maradhi kwa Ctrl+F

Kuna magonjwa ya Kiswahili cha mtandaoni yanayojirudia kiasi kwamba unaweza kuyawinda kwa kisanduku cha kutafutia. Tafuta haya, moja baada ya jingine.

"Amba". Kila unapoikuta "ambayo", "ambaye" au "ambalo", jaribu kuirudisha ndani ya kitenzi: "kitabu ambacho kinauzwa" kiwe "kitabu kinachouzwa". Haiwezekani kila mara, na haipaswi, kwani wakati mwingine kirejeshi cha ndani hukifanya kitenzi kisisomeke. Lakini "amba" tatu kwenye aya moja ni dalili ya sentensi zilizobebeshwa mzigo.

"Kufanya". "Kufanya ukaguzi" ni kukagua, "kufanya maamuzi" ni kuamua, "kufanya mazungumzo" ni kuzungumza. Kitenzi chenyewe kipo, kinangoja.

"Kuweza". "Ili kuweza kubaini" ni "ili kubaini". Acha "kuweza" pale tu uwezo wenyewe ndio habari.

"Suala la", "swala la", "hali ya", "uwepo wa". Karibu kila mara yanafutika na sentensi ikabaki imesimama.

Kisha tafuta " ya " na " wa ", ukiweka nafasi pande zote mbili, na kila mara tazama nomino iliyotangulia. Hapa ndipo utakapowakamata akina "vitabu ya" na "mti ya". Ni kazi ya dakika kumi kwa maneno 500, na hakuna mashine itakayokufanyia kwa uhakika. Mwisho kabisa pitia maneno yaliyotenganishwa bila sababu, kama "nime sema", "una jua", "ana enda". Hayo hutoka kwenye kuchapa haraka kwenye simu, na humfanya msomaji akushushe thamani kabla hajafika kwenye hoja.

Tazama mfano. Hii ni aya ya kwanza ya mwongozo wa ufundi, kama inavyotoka kwenye rasimu nyingi:

"Suala la kuvuja kwa koki ni suala ambalo limekuwa likiwakumba watu wengi sana na ambalo linaweza kusababishwa na sababu mbalimbali. Ni muhimu kufanya ukaguzi wa koki ili kuweza kubaini chanzo cha tatizo hilo kabla ya kufanya maamuzi ya kununua koki mpya."

Maneno 41. Hakuna kosa la tahajia hata moja, na mwalimu mwenye haraka angeipa alama nzuri. Lakini msomaji mwenye koki inayovuja hajui afanye nini. "Sababu mbalimbali" ni zipi? "Ukaguzi" unafanywaje? Mwandishi anayejua jibu angeandika:

"Koki inayovuja mara nyingi haihitaji kutupwa. Funga maji, ifungue, ukague kipira cha ndani: kikiwa kimelika au kimekauka, badilisha hicho tu."

Maneno 20. Ufupi wenyewe sio ushindi, angalia kilichotokea. "Sababu mbalimbali" imegeuka kipira, "ukaguzi" umegeuka vitendo vitatu vyenye mpangilio, na "watu wengi sana" wameondoka kwa sababu hawakuwa na kazi. Aya ya kwanza ilikuwa ndefu ili kuficha kwamba mwandishi hajaenda kutazama. Ndiyo maana kuwinda maneno kwa Ctrl+F kunafaa hata kwa mwenye lugha nzuri: neno bovu huwa limekalia pengo la taarifa.

Wikipedia ya Kiswahili kama shule

Ilianza mwaka 2003, na bado ina makala nyingi fupi zenye ujumbe chini unaosema kwamba makala hiyo ni mbegu. Mbegu hizo ndizo uwanja wako wa mazoezi. Faida yake ni kwamba kila sentensi inadaiwa chanzo, kila badiliko huandikwa kwenye historia ya ukurasa, na mtu usiyemjua anaweza kukusahihisha leo usiku.

Usianze kwa kuunda makala mpya. Fungua akaunti, kisha bonyeza "Ukurasa wa bahati" hadi upate ukurasa wenye kosa dhahiri: upatanisho uliovunjika, sentensi isiyokwisha, neno lililoachwa kwa Kiingereza. Rekebisha hilo moja tu, na kwenye nafasi ya muhtasari eleza ulichofanya kwa maneno machache. Fanya hivyo mara 20 hivi kwenye kurasa tofauti. Kuhariri maandishi ya mtu mwingine kunafungua macho haraka kuliko kuhariri yako, kwa sababu hukumbuki alichokusudia. Unaona alichoandika tu.

Baada ya hapo chagua mbegu moja ya mada unayoijua na yenye vyanzo vinavyoaminika, viwili au vitatu, visivyotoka kwa mhusika mwenyewe. Tumia ukurasa wako wa mazoezi ulioko chini ya jina lako la mtumiaji. Andika maneno 150 hadi 250, tanbihi moja kwa kila dai. Utagundua jambo: sifa zinakataa kupata chanzo. "Everest ni mlima mrefu ajabu" haina pa kushika. "Everest una mita 8,849 kutoka usawa wa bahari, kwa kipimo kilichotangazwa na China na Nepal mwaka 2020" ina pa kushika, na inasomeka vizuri zaidi. Ukikaa huko miezi michache, vielezi kama "sana", "mno" na "kwa kiasi kikubwa" vitaanza kukukera hata kwenye barua zako.

Yanayofanya makala ifutwe au irudishwe nyuma ni yaleyale daima: kunakili kutoka tovuti nyingine hata kwa kubadilisha maneno machache, kuandika habari zako mwenyewe au za kampuni yako, lugha ya kusifu, na tafsiri ya mashine iliyobandikwa bila kusomwa. Badiliko lako likirudishwa, usilirudishe tena kwa hasira. Nenda ukurasa wa majadiliano, uliza sababu, subiri. Na kumbuka kwamba chochote unachoandika huko kinatolewa chini ya leseni ya Creative Commons BY-SA: mtu yeyote anaweza kukitumia, hata kibiashara, mradi ataje chanzo na atoe kazi yake kwa masharti hayohayo. Usiweke huko maandishi unayotaka kuyauza.

Baada ya wiki rudi kwenye historia ya ukurasa, linganisha toleo lako na la sasa. Kila neno lililobadilishwa na mwingine ni somo la bure.

Kikundi cha uhakiki

Watu wanne au watano. Wakiwa watatu, mmoja akisafiri kikundi kimekufa. Wakiwa wanane na zamu ni moja kwa wiki, zamu yako inarudi baada ya miezi miwili, na kufikia hapo umepoa. Tumieni kundi la ujumbe kwa kukumbushana tarehe tu. Maandishi yakae kwenye hati ya pamoja, kwa sababu maoni yakitawanyika kwenye gumzo hakuna atakayeyapata tena.

Kwenye Google Docs, mpe kila mhakiki ruhusa ya kutoa maoni, si ya kuhariri. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwenye ruhusa ya kuhariri atakuandikia upya sentensi, na utaikubali kwa uvivu, nawe hutajifunza kitu. Pia kazi itaanza kusikika kama yeye. Mwenye ruhusa ya kutoa maoni atachagua maneno, atabonyeza Ctrl+Alt+M, na atalazimika kusema nini kimemkwaza. Hata akipendekeza neno jingine, pendekezo linangoja idhini yako.

Kanuni zinazotosha: kazi isizidi maneno 1,000, maoni yarudi ndani ya siku nne, kila mhakiki aache angalau maoni matatu, kila moja likiwa limefungwa kwenye mahali mahususi, na asiyehakiki kazi mbili za wenzake asiweke yake. Hiyo ya mwisho isilegezwe kwa mtu yeyote, hata aliyeanzisha kikundi. Ikilegezwa mara moja, baada ya mwezi mtakuwa na watu watano wanaotuma kazi na mmoja anayesoma.

Ukiomba maoni kwa kusema "naomba maoni yenu", utapata sifa au ukimya. Uliza vitu ambavyo msomaji yeyote anaweza kuvijibu bila kuwa mwalimu wa lugha. Wapi ulitamani kuruka? Sentensi ipi uliisoma mara mbili? Kwa maneno yako mwenyewe, makala inasema nini? Swali la tatu ndilo lenye makali. Wakijibu watu watatu majibu matatu tofauti, shida haipo kwenye sentensi, ipo kwenye mada.

Katika kutoa maoni, sema mahali, sema kilichokutokea ukiwa msomaji, ishia hapo. "Aya ya tatu, nilidhani 'yeye' ni mama, kumbe ni binti" ni maoni yanayofaa kuliko "fafanua zaidi wahusika". Usirekebishe tahajia kwenye rasimu ya kwanza. Aya hizo huenda zikafutwa zote.

Kupokea ndiko kugumu. Usijitetee ndani ya hati. Ukijikuta unamweleza mhakiki ulichokusudia, maelezo hayo ndiyo yaliyopaswa kuwa kwenye makala, kwa hiyo yanakili uyaweke huko. Wahakiki wawili wakikwama mahali pamoja lakini wakatoa dawa tofauti, amini mahali, tilia shaka dawa zote mbili. Mara nyingi chanzo kiko aya moja au mbili juu, pale ulipoacha kusema jambo ambalo wangelihitaji baadaye.

Akili mnemba inaweza kujaza pengo la mhakiki asiyepatikana, kwa kipimo. Ipe aya, iulize imeelewa nini na ni sentensi zipi zenye maana mbili. Usiiombe ikuandikie upya: utapata Kiswahili kilichonyooka juu juu, chenye mgongo wa Kiingereza ndani, na mkono wako utakuwa haujafanya mazoezi. Majukwaa na mashindano mengi pia yana masharti kuhusu maandishi ya mashine, yasome kabla.

Takwimu zisikudanganye

Idadi ya waliofungua inapima kichwa cha habari na bahati ya siku. Waliosoma hadi mwisho ndio wanaopima uandishi. Kwenye hadithi ya sehemu, linganisha sehemu na sehemu: tuseme ya kwanza ina wasomaji 300, ya pili 120, ya tatu 110. Kushuka kati ya ya kwanza na ya pili ni kawaida, wapo waliochungulia tu. Lakini ikiwa sehemu ya sita inaangusha nusu ya waliofika ya tano, soma upya mwisho wa sehemu ya tano. Huko ndiko walikoamua kuondoka.

Takwimu za barua pepe nazo zina ujanja wake. Tangu Septemba 2021, programu ya barua pepe ya Apple huweza kupakua picha za barua hata kama mpokeaji hajaifungua, na kwa kuwa "kufunguliwa" hupimwa kwa picha hizo, namba hupanda bila wasomaji kupanda. Tazama majibu na waliobonyeza viungo.

Pima mara moja kwa mwezi. Anayefungua ukurasa wa takwimu kila saa huishia kuandika vichwa vya habari badala ya makala.

Haki na nakala

Mashindano na majarida mengi hudai kazi ambayo haijawahi kuchapishwa popote, na makala iliyowekwa hadharani kwenye blogu, hata ikisomwa na watu kumi, huhesabiwa kuwa imechapishwa. Kazi unayoikusudia kwa shindano ibaki kwenye hati ya kikundi, au kwenye ukurasa wa WordPress uliofungwa kwa neno la siri. Na ukipata ujumbe wa kukusifu unaoishia na ada ya "kukuchapishia", achana nao.

Majukwaa hufa. NaNoWriMo, iliyoanza mwaka 1999 na kuwafanya watu wengi duniani wajaribu kuandika maneno 50,000 ndani ya Novemba, ilitangaza kufunga mwishoni mwa Machi 2025. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, pakua kazi zako zote: WordPress, Medium, Substack na Blogger zote zina njia ya kutoa nakala, kwa kawaida ndani ya mipangilio ya akaunti. Hifadhi mahali pawili, pamojawapo pasitegemee mtandao. Fungua faili moja kati ya ulizopakua uone kama inasomeka, kwa sababu faili iliyoharibika huonekana sawasawa na nzima mpaka siku utakayoihitaji.